Utitiri mwekundu: kwa nini dawa ya wadudu imeshindwa, na kwa nini utupa wa jirani yako hauui

Wiki iliyopita kwenye kipindi cha kilimo tulisoma ujumbe wa mkulima mmoja wa nyanya kutoka upande wa Ilula. Kwa kifupi aliandika hivi: majani ya nyanya zake yamepauka kama yamemwagiwa majivu, chini ya jani kuna utando, ameshapiga dawa mara tatu ndani ya wiki mbili, na kila akipiga hali inazidi kuwa mbaya. Mwisho akauliza, "Dawa ni feki au shamba limerogwa?" Studio tulicheka kidogo. Baadaye nilipompigia simu nje ya matangazo niligundua kwamba yeye hakuwa anatania. Nyanya zile alizilima kwa mkopo, na marejesho yanaanza mwezi ujao, ziwe zimeingia kwenye tenga au zimekaukia shambani.

Kipindi chetu ni nusu saa, na humo kuna matangazo ya biashara na salamu. Nikaahidi kwamba maelezo marefu nitayaweka hapa ili msome taratibu kwenye simu.

Halafu nina deni langu mwenyewe. Mwaka jana, nikizungumzia dawa za asili, nilisema hewani kwa kujiamini kabisa: chuma majani ya utupa, ponda, loweka, nyunyiza, utitiri kwisha. Miezi miwili baadaye akapiga mama mmoja mwenye bustani ya mboga kwenye kinyungu. "Mwanangu, nimefanya kila ulichosema. Nimeponda mpaka mikono imeuma. Vile vidudu vinatembea tu." Sikuwa na jibu. Leo ninalo, na nitalifikia huko mbele.

Kiumbe mwenyewe ni nani

Katika lugha yetu ya kila siku kila kiumbe kidogo ni mdudu. Mbu mdudu, kupe mdudu, buibui mdudu. Wataalamu wa baiolojia wanawagawa. Mdudu kwa maana yao, kama mbu, kidukari, inzi mweupe au yule kipepeo anayetuletea kantangaze, ana miguu sita na vipapasio viwili kichwani, na wengi wao wana mabawa. Buibui, kupe, nge na utitiri ni wa ukoo mwingine: miguu yao ni minane, na hawana vipapasio wala mabawa. (Utitiri ukianguliwa huwa na miguu sita tu, ya saba na ya nane inakuja baadaye, kwa hiyo ukihesabu kwa kioo usinibishie.) Utitiri una undugu wa karibu zaidi na kupe aliyeko kwenye sikio la ng'ombe wako kuliko na kidukari aliyeko kwenye jani lilelile.

Ndiyo maana wengine huuita buibui mwekundu. Lakini si buibui. Buibui anakula nyama, yaani viumbe wenzake. Utitiri mwekundu unakula mmea wako. Hautafuni jani kama kiwavi, unatoboa chembe moja moja kwa mdomo mfano wa sindano na kufyonza kilichomo. Kila chembe iliyofyonzwa inabaki tupu, na chembe tupu zikiwa maelfu ndiyo ule weupe wa majivu unaouona juu ya jani.

Huo undugu ndio jibu la kwanza kwa ndugu yetu wa Ilula. Dawa aliyopiga, aliponisomea kibandiko chake kwenye simu, ilikuwa na imidaklopridi. Ni dawa halali na inaua vidukari na inzi weupe vizuri. Utitiri haiuui. Dawa haikuwa feki na shamba halikurogwa. Alikuwa anapiga dawa ya mtu mwingine.

Kwa nini hali ilizidi

Kutokufa ni jambo moja. Kuongezeka ni jingine, na hapa ndipo penye hasara kubwa.

Kwenye jani hilohilo huwa kuna utitiri wa aina nyingine ambao haugusi mmea kabisa. Kazi yake ni kuwinda utitiri mharibifu na kula mayai yake. Una mbio, umbo kama tone la maji, na mara nyingi unang'aa. Pamoja nao kuna buibui wadogo, kobekobe wa madoa na mende wengine wadogo wanaokula viumbe laini. Dawa nyingi za wadudu, hasa zile za kundi la pairethroidi zinazoua kila kitu haraka, huwafagia hao walinzi kwanza. Utitiri mwekundu unabaki chini ya jani, umejifunika utando, hauna adui. Jike moja hutaga mayai yapatayo 100. Kukiwa na joto na ukame, yai linakuwa utitiri kamili unaotaga ndani ya wiki moja hadi mbili. Piga hesabu mwenyewe kwa miezi miwili ya kiangazi.

Tena hata dawa zinazouua zinachoka. Kuna utitiri mmoja mashuhuri duniani, wenye madoa mawili meusi ubavuni, ambao watafiti wameuandikia usugu dhidi ya viuatilifu zaidi ya 90. Mwaka 2011 wanasayansi walichapisha ramani ya vinasaba vyake vyote, na wakakuta umejaa vinasaba vya kuvunjavunja sumu. Unaweza kuishi kwenye mimea ya aina zaidi ya 1,000, na kila mmea una sumu yake ya kujilinda, kwa hiyo umezoea sumu tangu zamani sana, kabla hatujazaliwa sisi na maduka yetu ya pembejeo.

Nyanya zetu zina adui mwingine wa ukoo huo, utitiri mwekundu wa nyanya, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini. Kusini mwa Afrika ulionekana Zimbabwe mwaka 1979, kisha ukasambaa. Huu unapenda jamii ya nyanya: nyanya yenyewe, bilinganya, tumbaku na mnavu. Mnavu wako unaoota wenyewe pembeni ya nyanya unaweza kuwa ndiyo nyumba ya kulala wageni.

Muhogo ulivyopona

Msikilizaji mmoja aliniuliza kama hawa walinzi ni hadithi za wazungu wa miradi. Mfano ninaompa kila mtu ni muhogo.

Mwaka 1971 utitiri wa kijani wa muhogo ulionekana Uganda. Ulikuwa umetoka Amerika ya Kusini, unakotoka muhogo wenyewe, na huku haukuwa na adui wa kuutosha. Ukasambaa kwenye nchi zote za muhogo Afrika. Wazee wanaokumbuka miaka ile wanasema vilele vya muhogo vilibaki kama vijiti vya mishikaki. Kupiga dawa haikuwezekana: nani anapiga dawa muhogo wa kula nyumbani, na kwa pesa ipi?

Watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto yenye makao Nigeria, walirudi Amerika ya Kusini kutafuta adui wa utitiri ule. Walijaribu aina kadhaa na nyingi zilishindwa. Iliyofanikiwa ilitoka Brazili, ikaachiliwa Benin mwaka 1993. Ni utitiri mwindaji ambao mchana unajificha ndani ya kile kichipukizi cha juu kabisa cha muhogo, na usiku unashuka kwenye majani kuwinda. Ulienea wenyewe kutoka shamba hadi shamba na nchi hadi nchi, bila mkulima kununua chupa hata moja. Ulipendelea muhogo wenye vichipukizi vyenye manyoya kwa sababu ndani yake unapata pa kujificha, kwa hiyo hata aina ya mbegu uliyopanda ilikuwa na maana.

Kwa nyanya bado hatujafika hapo. Mashamba makubwa ya maua ya Kenya hununua utitiri mwindaji uliofugwa na kuumwaga kwenye waridi, nao unafanya kazi. Ila mwindaji huyo maarufu hapendi kula utitiri mwekundu wa nyanya. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walileta mwingine kutoka Brazili kwa majaribio. Kwa mkulima wa Ilula leo, mlinzi aliyepo ni yule aliyeko shambani kwake tayari, na kazi ni kutomuua.

Buibui anayechagua mbu

Nikiwa bado kwenye miguu minane, niwape habari ya buibui mmoja, maana kila nikisema tusiue buibui napata meseji za kunisuta.

Pembeni ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, kuna buibui mdogo anayeruka, urefu wake kama nusu sentimita. Hatengi wavu, anawinda kwa macho. Mwaka 2005 watafiti walioongozwa na Robert Jackson, waliofanya kazi kwenye kituo cha icipe cha Mbita, walitangaza kwamba buibui huyu anapenda damu, lakini hawezi kumng'ata mtu ili aipate. Anachofanya ni kuchagua mbu jike aliyeshiba damu. Ukimwekea mbu aliyekunywa damu na mbu asiyekunywa, anamfuata aliyekunywa. Anawapenda hasa mbu wa Anofelesi, wale wanaoeneza malaria. Baadaye wenzake waligundua kwamba anavutwa na harufu ya binadamu: walimwekea soksi iliyovaliwa na soksi safi, akaifuata iliyovaliwa.

La kushangaza zaidi ni mimea. Buibui huyo huvutwa pia na harufu ya mimea miwili ambayo karibu kila kijiji kinaijua, lantana na mnyonyo, na hunywa utomvu mtamu wa maua. Mnyonyo bibi zetu waliutumia kwa mafuta ya kuchua. Hapa Iringa hatuna buibui huyo, na hata kule ziwani hakuna aliyesema mtu atupe chandarua. Nimemtaja kwa sababu ilichukua watu miaka mingi ya kukaa chini na kuangalia kiumbe ambaye sisi tungempiga na ndala.

Sasa utupa, na deni langu

Utupa watu wa Nyanda za Juu Kusini mnaujua: kichaka chenye maganda yenye manyoya, maua meupe au ya zambarau, kinachorutubisha udongo na ambacho wazee walikiponda na kukitia mtoni kuvua samaki. Sumu yake inaitwa rotenoidi. Inazuia chembe za mwili wa kiumbe kutumia oksijeni kupata nguvu, kwa hiyo samaki anaelea kama amekosa hewa. Sumu hiyohiyo inaua wadudu, kupe na utitiri ikiwagusa. Wakulima wa kaskazini mwa Malawi na mashariki mwa Zambia walipohojiwa na watafiti kuhusu dawa za mboga, utupa ulikuwa miongoni mwa mimea waliyoitaja zaidi.

Kumbe si kila utupa una sumu hiyo. Watafiti waliopima utupa wa Malawi mwaka 2012 walikuta aina mbili ndani ya mmea huohuo mmoja. Aina ya kwanza ina rotenoidi na inaua. Aina ya pili haina, ina kemikali nyingine, na kwenye majaribio haikuua wadudu. Tofauti iko kwenye kemikali, si jambo la kuangalia kwa macho. Mbegu zilizogawiwa kwa ajili ya kurutubisha udongo hakuna aliyezipima kama zina sumu, maana haikuwa kazi yake.

Kwa hiyo, mama wa kinyungu, pengine ulifanya kila kitu sawa. Niliyekosea ni mimi niliyesema "utupa" kana kwamba utupa wote ni mmoja. Unaweza kuupima wa kwako hivi: nyunyiza mimea mitano tu, ifunge kamba, mingine iache. Hesabu utitiri chini ya majani matatu ya kila upande kabla ya kunyunyiza, kisha baada ya siku tatu. Kama hakuna tofauti, utupa huo uache urutubishe udongo, tafuta mbegu kwa mtu ambaye wake unaua.

Kipimo kilichotumika kwenye majaribio mengi ni gramu 100 za unga wa majani yaliyokaushwa kivulini kwa kila lita moja ya maji, pamoja na sabuni kidogo, kama gramu moja kwa lita, ili dawa ishike kwenye jani. Inalowekwa siku nzima, inachujwa vizuri isizibe bomba. Sasa angalia: bomba la lita 15 linataka unga kilo moja na nusu. Kwa bustani ya nyumbani sawa. Kwa eka ya nyanya utavuna vichaka vya kijiji kizima, na sitaki kukudanganya mara ya pili. Nyunyiza jioni, maana jua huivunja sumu haraka, na elekeza mdomo wa bomba chini ya jani kwenda juu. Rudia baada ya wiki, kwa sababu mayai hubaki.

Faida ya mimea hii ilionekana kwenye maharage ya mkoa wa Kilimanjaro. Watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha walilinganisha dawa ya dukani na maji ya utupa, alizeti pori na mimea mingine ya pembeni ya shamba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Mavuno hayakupishana sana na ya dawa ya dukani, lakini kwenye vipande vya dawa za mimea buibui na kobekobe walibaki wengi zaidi. Walinzi walibaki kazini.

Lakini cha asili si sawa na kisicho na madhara. Rotenoidi ni sumu, na mwaka 2000 wanasayansi waliowapa panya rotenoni kwa muda mrefu waliona dalili zinazofanana na ugonjwa wa kutetemeka wa Pakinsoni. Vaa glavu, funika pua unapoponda, osha bomba mbali na mto na bwawa la samaki, na usivune mboga uliyonyunyiza jana. Kuna mtu alituma meseji anauliza kama anaweza kumpaka mtoto utupa kwa upele, kwa kuwa upele nao unaletwa na utitiri. Ni kweli upele unaletwa na utitiri unaochimba ngozi. Usimpake. Mpeleke zahanati, kuna dawa ya kupaka iliyopimwa, na familia nzima mtibiwe siku moja la sivyo mtaambukizana tena.

Mmea mwingine wa kuuangalia ni mgagani, hiyo mboga chungu ya akina mama. Watafiti wa Kenya waliona kupe hawapendi kukaa karibu na mgagani ulioota malishoni, na utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba ukipandwa katikati ya waridi, utitiri unapungua. Kwa nyanya sijaona majaribio ya kunitosha kukuambia upande. Lakini ni mboga, ukiipanda pembeni na isifukuze kitu, utaila.

Nilichomwambia ndugu wa Ilula

Chukua karatasi nyeupe, gongesha jani juu yake, tazama. Vijipunje vikitembea, ni utitiri. Vuta karibu kamera ya simu uone. Vikikimbia kwa kasi kuliko vingine, huenda hao ni walinzi. Fanya hivyo kila Jumatatu tangu miche ikiwa midogo, ukianzia mstari wa pembeni na ule ulio karibu na barabara ya vumbi, maana utitiri unapenda vumbi na ukame, na unasafiri kwa upepo, kwa nguo na kwa miche ya kununua. Ukiona mmea mmoja au miwili, ng'oa, tia kwenye mfuko, choma. Usiuburute katikati ya shamba. Mwagilia vizuri. Ng'oa mnavu wa pembeni na mashina ya nyanya za msimu uliopita.

Yeye alikuwa ameshavuka hapo. Kwa shamba lililoshambuliwa kiasi kile nilimuunganisha na afisa ugani wa kata, akamwandikia dawa ya utitiri, si ya wadudu, iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu. Apige mara moja chini ya jani, asirudie dawa ya kundi lilelile, na ahesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna kama kibandiko kinavyosema.

Jumapili alinipigia. Robo ya shamba, upande wa barabarani, ameing'oa. Majani mapya ya kule chini bondeni yanatoka ya kijani. Ameanza kugongesha majani kwenye karatasi, anatumia daftari la hesabu la mwanawe, na mtoto ndiye anayehesabu kwa sababu macho yake ni mazuri. Tenga la kwanza anatarajia wiki ya tatu.